Kerala: Likizo Inayopangwa kwa Kalenda ya Mvua

Kerala ni jimbo lililo kusini-magharibi kabisa mwa India, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya Bahari ya Arabu na safu ya milima ya Ghats Magharibi. Pwani yake ina urefu wa kilomita 590 hivi, lakini kutoka ufukweni hadi mpaka wa mashariki ni kilomita 120 tu mahali palipo papana zaidi, na sehemu nyingi ni nusu ya hapo. Jimbo liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, India ilipopanga upya majimbo yake kwa kufuata lugha. Lugha ya hapa ni Kimalayalam. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 33.4: Wahindu zaidi ya nusu, Waislamu zaidi ya robo, na Wakristo karibu mtu mmoja katika kila watano. Ndani ya ukanda huo mna fukwe, maziwa, mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari, misitu yenye tembo, na mlima Anamudi wenye mita 2,695, mrefu kuliko wote India ya kusini.

Udogo huo huwavutia wageni, na huwapotosha wakati wa kupanga. Kwenye ramani kila kitu kiko jirani, basi mtu hujaza orodha ya miji saba au minane kwa siku kumi, kisha likizo yote ikaishia ndani ya gari. Wanaoifahamu Kerala hupanga kwa utaratibu mwingine. Huchagua kwanza mwezi, kwa kuangalia mvua, kisha vituo vichache vya kulala, mengine hufuata.

Mvua za Kerala ni za misimu miwili. Ule mkubwa huletwa na upepo wa kusini-magharibi, ambao ni mwendelezo wa kusi inayojulikana na wavuvi wa Lamu hadi Kilwa: ukishavuka ikweta, mzunguko wa dunia huupinda kuelekea kaskazini-mashariki, ukakusanya unyevu juu ya Bahari ya Arabu na kuugonga ukuta wa Ghats. Milima huulazimisha upande, hewa hupoa, na maji yote humwagika upande wa Kerala. Tarehe inayohesabiwa kuwa ya kawaida kwa mvua hiyo kufika ni 1 Juni, na idara ya hali ya hewa ya India hutangaza mwanzo wa masika ya nchi nzima kwa kuangalia inavyopiga Kerala. Juni na Julai ndiyo miezi ya mvua nzito kuliko yote. Msimu wa pili huja Oktoba na Novemba, mara nyingi kwa ngurumo za alasiri baada ya asubuhi ya jua kali. Kuanzia Desemba upepo hugeuka, nao ni upepo wa majira yaleyale ya kaskazi yaliyosukuma majahazi ya Malabar na Uarabuni hadi Mombasa na Unguja. Anga hutulia, usiku huwa na ubaridi kidogo, bahari hulala. Machi hadi Mei joto hupanda na fukuto huchosha hata mtu aliyezaliwa Tanga.

Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi bora kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza. Desemba ni nzuri vilevile, ila wiki ya Krismasi na mwaka mpya bei za hoteli hupaa na vyumba huisha, kwa kuwa Wahindi wenyewe wa majimbo mengine husafiri kwa wingi wakati huo. Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalitarajii: kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari mamilioni ya mahujaji wa Kihindu, wengi wao wakiwa wamevaa nguo nyeusi, huelekea hekalu la Sabarimala milimani. Treni zinazopita Kottayam na Chengannur hujaa, na barabara ya kwenda mji wa Kumily, milimani, husongamana. Tiketi za siku hizo zikatwe mapema, au safari isogezwe hadi mwisho wa Januari.

Msimu wa mvua nao una wapenzi wake, na wana sababu. Nchi huwa kijani cha kung'aa, hoteli hupunguza bei, na sikukuu ya Onam, inayoangukia Agosti au Septemba, hukumbuka kurudi kwa mfalme Mahabali kwa mapambo ya maua sakafuni na karamu kubwa. Lakini tahadhari ni lazima. Mafuriko ya Agosti 2018 yaliua zaidi ya watu 400. Usiku wa kuamkia 30 Julai 2024 maporomoko ya ardhi yalifagia vijiji vya Mundakkai na Chooralmala wilayani Wayanad, na zaidi ya watu 200 wakafa. Anayekwenda Kerala kati ya Juni na Agosti akae pwani na kando ya maziwa, aiache milima, na asiingie baharini kabisa. Mawimbi ya miezi hiyo huwashinda hata wavuvi. Serikali nayo hupiga marufuku uvuvi wa nyavu za kukokotwa na meli kwa siku 52, kuanzia 9 Juni hadi 31 Julai, ili samaki wazaliane.

Mwezi ukishaamuliwa, huja hati. Raia wa Kenya, Tanzania na nchi jirani huomba viza ya utalii kwa mtandao, kupitia tovuti rasmi ya serikali ya India. Zipo tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza mara kadhaa zaidi, kwa hiyo anwani isomwe herufi kwa herufi. India pia inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo. Chanjo iwe imepigwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na sheria hii hutekelezwa kweli. Mtanzania naye atafanya vyema kukibeba, hasa kama ndege yake inapitia Nairobi au Entebbe.

Ndege za kwenda Kerala kutoka Afrika Mashariki kwa kawaida hupitia Ghuba: Muscat, Doha, Dubai au Sharjah. Sababu yake ni watu. Wamalayali, yaani wenyeji wa Kerala, wamekuwa wakifanya kazi nchi za Ghuba tangu miaka ya neema ya mafuta, na jimbo hili dogo lina viwanja vinne vya ndege vya kimataifa: Thiruvananthapuram, Kochi, Kozhikode na Kannur. Hao hao ndio wanaopandisha nauli. Julai na Agosti, shule za Ghuba zikiwa zimefungwa, na tena wakati wa Idi, Onam na Krismasi, familia zote hurudi nyumbani kwa mpigo. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe aziepuke wiki hizo. Uwanja wa Kochi, uliofunguliwa 1999 huko Nedumbassery, una ndege nyingi zaidi; mwaka 2015 ulikuwa wa kwanza duniani kuendeshwa kwa umeme wa jua peke yake. Saa za India ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu.

Sasa ramani. Kochi hadi Munnar ni kilomita 130 hivi, na gari hutumia saa nne hadi tano, kwa kuwa nusu ya pili ni kona za mlimani. Munnar hadi Thekkady, kituo kingine cha milimani, hazifiki kilomita 110, nazo huchukua saa tatu na zaidi. Kwa wiki mbili vituo vinne vinatosha: Kochi, milima, maziwa na ufukwe; kwa wiki moja, viwili au vitatu. Anayetaka kuiona Malabar, sehemu ya kaskazini ya jimbo, na makala haya yanaishauri kwa dhati kwa msomaji wa Kiswahili, aiondoe milima au ufukwe wa kusini badala ya kubana vyote.

Treni ndiyo usafiri mzuri kuliko wote pwani. Ni za bei nafuu, na dirisha huonyesha minazi, mito na viwanja vya shule mfululizo kwa saa nzima. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za madaraja yenye kiyoyozi huisha upesi. Tiketi ya orodha ya kusubiri si tiketi ya kusafiria mpaka ithibitishwe. Tangu Aprili 2023 kuna treni ya haraka ya Vande Bharat kati ya Kasaragod na Thiruvananthapuram. Jambo la kuangalia ni kwamba kusini mwa Ernakulam, ambayo ndiyo stesheni kuu ya jiji la Kochi, reli hugawanyika: moja hupita Alappuzha kandokando ya bahari, nyingine hupita Kottayam, kisha zote hukutana Kayamkulam. Anayekwenda kwenye maziwa ya Alappuzha akikata tiketi bila kuangalia njia, atajikuta upande wa pili wa ziwa. Milimani hakuna reli. Huko ni basi jekundu la serikali, KSRTC, au gari la kukodi pamoja na dereva. Kuendesha mwenyewe hakushauriwi.

Safari nyingi huanzia Kochi. Jiji la biashara ni Ernakulam, bara. Mji wa zamani ni Fort Kochi na Mattancherry, ng'ambo ya maji, na huko ndiko pa kulala. Tangu Aprili 2023 boti za umeme za usafiri wa umma zimeanza kuunganisha visiwa vya jiji, na kivuko cha zamani cha serikali bado kipo kwa nauli ya rupia chache. Ufukweni Fort Kochi zimesimama nyavu za Kichina, kila moja na kundi lake la wavuvi. Wavu umefungwa kwenye miti mirefu iliyopindishwa, na nyuma yake mawe makubwa yananing'inia kwa kamba, moja chini ya jingine. Wanaume wanne au watano huvuta kamba, mawe hushuka, wavu hupanda kutoka majini ukichuruzika, na mmoja hukimbilia katikati na kikapu kabla kunguru na korongo hawajawahi. Mara nyingi kinachopatikana ni kiganja cha samaki wadogo. Alfajiri kazi ni ya kweli. Jioni nusu yake ni kwa ajili ya picha, na wavuvi hutarajia bakshishi.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la Mtakatifu Fransisko, ambalo chimbuko lake ni 1503. Humo alizikwa Vasco da Gama alipofariki Kochi 1524, kabla mifupa yake kuhamishiwa Ureno mwaka 1539. Mattancherry kuna jumba la kifalme lililojengwa na Wareno katikati ya karne ya 16 na kukarabatiwa na Waholanzi, lenye michoro ya ukutani ya Ramayana, na sinagogi la Paradesi la mwaka 1568, lenye vigae vya Kichina vilivyochorwa kwa mkono. Jumba hufungwa Ijumaa na sinagogi hufungwa siku ya Sabato, kwa hiyo Mattancherry ipangiwe siku nyingine. Kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kuanzia Desemba, maghala ya zamani ya viungo hugeuzwa kumbi za maonyesho makubwa ya sanaa, Kochi-Muziris Biennale, yaliyoanza mwaka 2012. Anayependa sanaa apange kwa kuyafuata.

Kusini mwa Kochi huanza maziwa. Nyuma ya ufukwe, kwa makumi ya kilomita, maji ya mito inayoshuka kutoka Ghats hukutana na maji ya bahari katika mtandao wa maziwa, mito na mifereji. Ziwa Vembanad, lenye urefu wa karibu kilomita 96, ndilo refu kuliko yote India. Upande wake wa kusini ni Kuttanad, nchi ya mpunga iliyotwaliwa kutoka majini kwa matuta ya udongo. Mashamba yake yako chini ya usawa wa bahari, mengine kwa mita mbili na zaidi, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu wa kilimo mwaka 2013 kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Anayepita kwa mtumbwi huona jambo la ajabu: maji ya mfereji yako juu, shamba liko chini, na kati yake tuta jembamba lenye nyumba, minazi, mbuzi na watoto wanaotoka shule.

Boti za kulala zinazotangazwa kila mahali ni kizazi cha kettuvallam, mashua za kubebea mpunga. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu. Barabara zilipoiua biashara hiyo, mashua zikaezekwa vyumba vya kulala, na leo Alappuzha kuna mamia yake. Anayekodi aelewe anacholipia. Boti huondoka saa sita mchana na kurudi kesho yake asubuhi. Saa kumi na moja na nusu jioni hufunga kamba kandoni, kwa kuwa usiku ziwa ni la wavuvi na nyavu zao. Katika boti nyingi kiyoyozi huwashwa usiku tu. Bei hutegemea msimu na hali ya boti, na ni busara kwenda gatini asubuhi, kuingia ndani, kukagua choo na jiko, kisha ndipo kukubaliana. Katika wiki za sikukuu pekee ndipo pa kuweka nafasi kabla.

Usiku mmoja unatosha. Boti hizi ni nyingi kuliko ziwa linavyoweza kustahimili, injini zao humwaga mafuta, na njia kuu huwa na foleni. Ziwa tayari lina mzigo mwingine. Lango la Thanneermukkom, lililojengwa ili kuyazuia maji ya chumvi yasiharibu mpunga wakati wa kiangazi, limepunguza mtiririko wa maji, gugumaji likastawi na samaki wanaohama wakakosa njia. Anayejali atalala nyumbani kwa wenyeji kwenye kisiwa, apande mtumbwi wa kupiga kasia kwenye mifereji myembamba ambayo boti kubwa haipiti, na avuke ziwa kwa kivuko cha serikali cha Alappuzha hadi Kottayam. Kivuko hicho huchukua karibu saa mbili na nusu kwa nauli ndogo sana, na husimama kwenye kila gati kupokea walimu, wauza samaki na mabibi wenye vikapu. Hakuna namna bora ya kuiona Kuttanad.

Agosti ziwa hupata sura nyingine. Mashindano ya mashua ndefu, chundan vallam, zinazozidi mita 30 na kubeba wapiga makasia wapatao mia, hufanyika kugombea kombe lililotolewa na Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India wa wakati huo, baada ya ziara yake ya 1952. Kwa miaka mingi yalifanyika Jumamosi ya pili ya Agosti. 2024 yaliahirishwa hadi Septemba baada ya maafa ya Wayanad, hivyo tarehe ithibitishwe kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Milimani, Munnar iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, na usiku wa Januari huhitaji sweta. Vilima vyake vimefunikwa chai iliyopandwa tangu enzi za Waingereza. Mtu wa Kericho, Mufindi au Lushoto atauliza kwa haki kama inafaa kwenda mbali kutazama chai. Jibu ni Hifadhi ya Eravikulam, wanakolindwa mbuzi-mwitu wa Nilgiri, ambao hula majani hatua chache tu kutoka kwa wageni. Hifadhi hufungwa kwa kawaida Februari na Machi wanapozaa. Kwenye miteremko hiyo hiyo kuna kichaka cha neelakurinji kinachochanua kwa pamoja kila baada ya miaka 12. Kilichanua 2006 na 2018, na zamu inayofuata ni 2030. Thekkady, kusini zaidi, ina hifadhi ya Periyar na ziwa lililotokana na bwawa la Mullaperiyar la 1895, na miti iliyokufa bado imesimama majini. Matembezi ya miguu pamoja na walinzi, ambao wengine walikuwa majangili zamani, yana faida kuliko boti ya watalii. Mashamba ya iliki na pilipili manga yanayoizunguka Kumily, mji wa hapo, yatampendeza hata mtu wa Unguja aliyezoea ziara za viungo, kwa sababu pilipili manga hapa iko kwao hasa: ndiyo iliyowaleta Warumi, Waarabu, Wachina na Wareno.

Ufukwe uchaguliwe kwa tabia ya msafiri. Kovalam, karibu na Thiruvananthapuram, ni ya zamani na ina hoteli nyingi. Marari, kaskazini ya Alappuzha, ni kijiji cha wavuvi chenye mchanga mrefu na utulivu, na inafaa familia. Varkala ina majabali mekundu yanayosimama juu ya bahari, na migahawa imepangwa ukingoni. Chini yake, ufukwe wa Papanasam ni mahali ambapo Wahindu hufanya ibada za wafu wao, na familia zenye majivu na maua huonekana kila asubuhi; upande huo watu huvaa kwa heshima, na waogeleaji huenda upande wa kaskazini. Mikondo ni mikali pwani yote hii, hata siku ya bahari shwari, na bendera za waokoaji zifuatwe.

Njiani kati ya Varkala na maziwa iko Kollam, mji ambao watalii hupita tu. Viwanda vyake vimebangua korosho kwa vizazi, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya korosho ghafi ilitoka Afrika Mashariki, pamoja na zile za Mtwara na Lindi. Mti wenyewe uliletwa pande zote mbili na Wareno kutoka Brazili.

Kaskazini ni Malabar, na hapo historia ya Waswahili huingia moja kwa moja. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani na mtawala wa mji, na Mei akatia nanga karibu na Kozhikode. Ufukwe wa Kappad, kaskazini kidogo ya mji, una jiwe la kumbukumbu. Hata kabla yake njia ilikuwa wazi. Ibn Battuta, aliyeitembelea Kilwa mwaka 1331, alifika Kozhikode miaka ya 1340 na kuyaona majahazi makubwa ya Kichina bandarini. Katika mtaa wa Kuttichira, kando ya bwawa, umesimama msikiti wa Mishkal, uliojengwa na nahodha tajiri wa karne ya 14: wa mbao, wenye mapaa ya vigae yaliyopandana, usio na mnara. Wareno waliuchoma sehemu ya juu mwaka 1510. Beypore, kusini kidogo, mafundi bado huunda majahazi ya mbao bila michoro ya karatasi, na wateja wao siku hizi ni matajiri wa Ghuba.

Kannur na Kasaragod zina theyyam, ibada ya kucheza, na kwa ajili yake peke yake safari ya kaskazini inafaa kupangwa kati ya Desemba na Machi. Si onyesho la jukwaani. Hufanyika kwenye viwanja vya mahekalu madogo ya vijiji, aghalabu usiku wa manane hadi alfajiri. Mchezaji hulala chali kwa saa kadhaa huku mwenzake akimchora uso kwa rangi nyekundu na nyeusi, kwa ncha nyembamba ya ukuti. Huvalishwa sketi ya makuti mabichi na kilemba kikubwa, hutazama kioo kidogo, na tangu hapo huhesabiwa kuwa mungu mwenyewe. Huzunguka na mienge, husikiliza shida za watu, hubariki. Wachezaji hutoka katika matabaka yaliyodharauliwa kwa karne nyingi, na usiku huo watu wa matabaka ya juu huja kuinama mbele yao. Mgeni anakaribishwa bure. Asimame pembeni, avue viatu, na asiwashe taa ya kamera. Ratiba hujulikana siku chache kabla, na wenye nyumba za wageni Kannur ndio wanaojua wapi na lini.

Chakula ni cha nazi, na msomaji wa pwani atajisikia nyumbani upesi. Asubuhi kuna appam, mkate mwembamba wa unga wa mchele na nazi ulio jamaa wa vibibi, pamoja na mchuzi wa dengu au mayai. Mchana kuna wali juu ya jani la mgomba na mboga zinazoongezwa mpaka mtu akatae. Samaki wa karimeen hupakwa viungo, hufungwa katika jani na kukaangwa. Kwenye vibanda vya tembo la mnazi, wagema wanakoleta mavuno ya asubuhi, sahani ya kawaida ni muhogo wa kuchemsha na mchuzi mwekundu wa samaki, uliokolezwa kwa tunda chachu lililokaushwa moshini. Thalassery hupika biriani ya mchele mfupi wenye harufu nzuri. Chakula halali hakina shida kukipata Malabar. Pilipili ni kali, na maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa.

Wengi huenda Kerala kwa ajili ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Kukandwa mafuta saa moja hotelini ni starehe tu; tiba yenyewe hupangwa kwa siku saba, 14 au 21, chini ya daktari mwenye shahada ya fani hiyo, na mlo wake, bila pombe na bila kuzunguka. Wenyeji hupendelea mwezi wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, kilele cha mvua. Kituo chenye jina kubwa ni Arya Vaidya Sala cha Kottakkal, kilichoanzishwa mwaka 1902. Mwenye dawa za presha au kisukari aseme mapema na asiziache, na mjamzito ashauriane na daktari wake kwanza.

Mavazi na adabu si mzigo kwa mtu wa pwani yetu. Wanaume wa Kerala huvaa mundu, shuka nyeupe inayofanana na kikoi, na nguo za kufunika mabega na magoti hufaa kila mahali. Mahekalu kadhaa, pamoja na Guruvayur na Padmanabhaswamy la Thiruvananthapuram, hayaruhusu wasio Wahindu ndani. Mlango uheshimiwe bila kubishana. Fedha zibebwe kwa dola na kubadilishwa huko, na noti ndogo za rupia ziwepo mfukoni daima, kwa kuwa wenyeji hulipa kwa simu kupitia mfumo wa nchini mwao na mwenye duka mara nyingi hana chenji. Soketi ni za matundu ya duara, hivyo plagi za Kenya na Tanzania zinahitaji adapta. Mvua ikinyesha milimani, ruba hupanda miguuni. Soksi ndefu na chumvi husaidia.

Mpangilio unaofaa ni kuanza Kochi kwa siku mbili za kupumzika, kupanda milimani mwili ukiwa na nguvu, kushuka kwenye maziwa, na kumalizia ufukweni au kaskazini kwa treni. Ndege nyingi za Ghuba huondoka usiku wa manane na alfajiri, na Nedumbassery iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa jiji. Asiwepo anayeshuka kutoka Munnar siku ya kuondoka, kwa sababu mti mmoja ulioanguka barabarani unaweza kufunga njia kwa saa nyingi. Usiku wa mwisho ulalwe Aluva au Angamaly, karibu na uwanja, na viungo vya kupeleka nyumbani viwe vimeshanunuliwa: iliki huko Kumily na pilipili manga Mattancherry, vikavu, vilivyofungwa vizuri, na risiti yake.